Lushoto, Ziwa Chala na Pwani ya Pangani: Mwongozo wa Kupanga Mzunguko kwa Gari Lako

Wengi wakitaka kuzunguka Lushoto, Moshi na Tanga huanza kwa kutafuta hoteli. Anza na bahari, ingawa ndiyo utakayoifikia mwisho. Mlima haukimbii na ziwa halisogei, lakini maji ya Pangani yana saa zake. Ukishaijua siku ya maji, mengine yote unayapanga kwa kurudi nyuma.

Mzunguko wenyewe ni huu: Dar es Salaam hadi Lushoto, Lushoto hadi Moshi, kutoka Moshi unakwenda Ziwa Chala na kurudi, halafu unashuka Tanga na Pangani, unamalizia Bagamoyo. Siku kumi zinautosha bila kuhemewa. Ukiwa na saba, punguza mahali pa kulala, usipunguze usingizi.

Hatua ya 1: Tafuta siku ya bamvua

Maziwe ni fungu la mchanga lililo mbele ya Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, kasa wakipanda kutaga. Bahari ikaila miti, na siku hizi maji yakijaa fungu lote linazama. Unakwenda maji yakipwa, unaogelea na kutazama samaki wa matumbawe kwa saa chache, unaondoka kabla maji hayajarudi.

Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katika pwani yetu, siku hizo maji hukupwa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, kisha kila siku kupwa kunachelewa kwa kiasi cha dakika hamsini. Hizo ndizo siku nzuri: mnaondoka asubuhi bahari ikiwa bado imetulia, mnarudi kabla upepo haujashika. Kipindi cha maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kupwa huangukia alasiri na upepo wa mchana unakuwa umeshaamka. Wenye watoto wadogo au wanaotapika chomboni hawataifurahia.

Kwa hiyo fungua kalenda inayoonyesha mwezi, chagua siku mbili tatu zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na moja kati ya hizo uiandike: Maziwe. Hesabu kurudi nyuma siku mbili, hapo ndipo unaondoka Moshi. Rudi nyuma siku tatu nyingine, unaondoka Lushoto. Sasa ndiyo upige simu za hoteli.

Ukifika Pangani, hakikisha tena kwa mdomo. Jedwali la kwenye simu halijui hali ya upepo.

"Shikamoo mzee. Kesho maji yanakupwa saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Tano kasoro. Lakini saa mbili na nusu muwe mmeshapanda, na wavae makoti ya kuokolea, huko nje kuna mkondo."

Jibu la namna hiyo likija na makoti bila wewe kuyauliza, huyo ndiye nahodha wako. Asiyekuwa na makoti ya kutosha watu wote, mwambie asante.

Na mwezi gani wa mwaka? Aprili na Mei achana nazo: masika huharibu barabara za vumbi na milima hujificha siku nzima. Juni hadi Agosti nchi kavu ni nzuri na Lushoto inakuwa na baridi ya kuwasha moto, ila kusi huisumbua bahari. Septemba hadi mwanzo wa Oktoba, na Januari hadi Februari, ndiko kwenye nafuu pande zote. Desemba kuanzia katikati, barabara ya kaskazini hujaa Wachaga wanaokwenda "kuhesabiwa" nyumbani. Mabasi, magari binafsi na malori yote yanagombania njia moja, na vyumba vya Moshi vinapanda bei. Mwisho wa Februari pia ulizia tarehe ya Kilimanjaro Marathon kabla hujalipia chumba.

Hatua ya 2: Pima kwa saa, usipime kwa kilomita

Dar hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 350. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni safari ya saa nne. Weka saa saba hadi nane ukihesabu kula na kunyoosha miguu, kwa sababu njia nzima ni vijiji, na kila kijiji kina kibao cha 50 na matuta yake. Lushoto hadi Moshi ni kama kilomita 240, weka saa tano. Moshi hadi Tanga ni kama 350, weka saa saba. Tanga hadi Pangani ni karibu kilomita 50.

Kanuni mbili zinatosha hapa. Baada ya siku ndefu ya kuendesha, siku inayofuata usitoke na gari zaidi ya saa moja. Na saa kumi na mbili jioni uwe umeshaegesha. Usiku barabara hii ina malori yaliyoharibika bila taa, baiskeli zisizoakisi, ng'ombe wanaorudishwa zizini. Hata mchana, ukiona matawi ya miti yamepangwa barabarani, punguza mwendo mara moja: mbele kuna lori limekufa, na utingo ndiye aliyeyaweka.

Kwa mafuta, jumla ya njia pamoja na mizunguko midogo inakaribia kilomita 1,600. Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita litataka kama lita 135. Gari kubwa la kilomita 8 kwa lita litataka 200. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo zidisha kwa bei ya mwezi wako, uongeze moja ya kumi kwa ajili ya milima.

Hatua ya 3: Gari

Kwa njia ya msingi, gari dogo kama Toyota IST, likiwa zima, linatosha. Lami ipo hadi Lushoto mjini, Moshi na Tanga. Gari la juu unalihitaji ukitaka kwenda Mtae mwisho wa Usambara, msitu wa Amani juu ya Muheza, au kupita Saadani. Kiangazi gari dogo hufika hata Mtae, lakini tumbo lake litagusa mawe.

Kabla ya kuondoka mpe fundi kazi hizi: breki pedi zote, maji ya breki, rejeta na feni, betri. Feni isiyozunguka utaigundua kwenye mlima wa Soni unapopanda Lushoto, mahali pabaya pa kugundulia. Matairi yaangalie mwenyewe. Ubavuni kuna tarakimu nne, mfano 2319, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye vina vizuri lakini la miaka minane ni la kuwekea maua. Spea uijaze upepo, na ujaribu jeki nyumbani.

Ukikodi, uliza kama lina bima kubwa au ndogo. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga tu, gari lenyewe likiumia ni juu yako. Namba ya gari unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mtandaoni, na deni la faini kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi. Fanya yote mawili kabla ya kutoa amana. Piga picha kila mkwaruzo, pamoja na mita ya mafuta na ya kilomita.

Hatua ya 4: Karatasi, mtungi na trafiki

Leseni, bima hai, pembetatu mbili za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, sanduku la huduma ya kwanza, na mikanda inayofunga hata kiti cha nyuma. Vitambulisho vya taifa vibebeni wote, kwa sababu hifadhini bei ya raia na ya mgeni ni mbingu na ardhi, na malipo ya huko hayapokelewi kwa noti.

Mtihani mkubwa wa njia ya kaskazini ni kibao cha 50. Kinakukaribisha kijijini, na kingine chenye mstari wa kufuta kinakuruhusu kuongeza mwendo. Madereva wengi hukanyaga mafuta wakiona nyumba zimepungua, kumbe kibao cha kufuta kiko mita mia mbili mbele, chini ya mwarobaini, na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo yupo hapohapo. Subiri hadi ukipite. Wenzako wa upande wa pili watakuwashia taa kukutahadharisha, ila ukizoea kutegemea hizo taa, siku moja hatatokea wa kuziwasha.

Ukisimamishwa, washa indiketa, toka kabisa barabarani, shusha kioo. "Habari za kazi, afande" inafungua mazungumzo vizuri kuliko kuuliza kosa kwa ukali. Omba kuonyeshwa picha ya mwendo wako. Ukitozwa faini, unaandikiwa namba ya malipo na unalipa kwa simu au benki. Hakuna noti inayopita dirishani.

Hatua ya 5: Kutoka Dar

Usipite Chalinze kama unaweza kuepuka. Barabara ya Morogoro kuanzia Kibaha hadi Chalinze inabeba malori ya nusu ya bara hili. Shika barabara ya Bagamoyo, pita mji, endelea na lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, uiunge barabara ya kaskazini hapo. Unavuka Mto Ruvu ukiwa peke yako asubuhi, unaokoa muda na mishipa. Ondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kukiwa kunaanza kupambazuka unapokaribia kutoka mjini.

Kutoka Msata ni moja kwa moja hadi Segera. Kulia ni Tanga. Wewe unanyoosha kushoto, Korogwe, hadi Mombo. Machungwa ya Muheza yanauzwa kando ya njia eneo hili. Jaza mafuta Korogwe au Mombo, na mpe tangawizi au limau anayechefukwa na kona, kwa sababu sasa unaanza kupanda.

Hatua ya 6: Kupanda Lushoto, na hasa kushuka

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini unapanda kama mita elfu moja. Barabara ni nyembamba, upande mmoja jabali, upande mwingine bonde, na mabasi yanayoshuka yanachukua kona yote. Piga honi kwenye kona usiyoona mbele. Kaa kushoto hata kama hakuna mtu. Ukikutana na gari pembamba, anayeshuka ampishe anayepanda. Maporomoko ya Soni yako njiani, simama hapo injini nayo ipumzike.

Kushuka ndiko kunakoua. Madereva wa huko wana kanuni: gia uliyopandia ndiyo unayoshukia. Otomatiki nayo ina L, 2, S au B. Itumie, usiache D ikuteremshe huku mguu umekaa juu ya breki. Breki unaigusa kwa nguvu kidogo, unaiachia, unaigusa tena. Ukisikia harufu kama ya plastiki inayoungua, au kanyagio likaanza kulainika, simama mahali pana, washa hazadi, kaa nusu saa. Usimwagie maji magurudumu ya moto. Sahani ya breki hupinda.

Lushoto kaa siku mbili. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, wakaukimbilia kwa ajili ya hali ya hewa, na utawaelewa usiku wa kwanza ukitafuta blanketi la pili. Asubuhi nenda Irente, kilomita chache kutoka mjini: genge linakatika ghafla, na chini yake, mita mia kadhaa, unaona barabara kuu ya kaskazini na nyika inayokwenda mpaka macho yanachoka. Hapo karibu shamba la Irente linauza jibini na mkate mweusi. Kwa msituni, Magamba ina njia za kutembea na waongozaji. Kwenye msimu nunua plamsi na peasi sokoni, ila zile laini uzile siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Njia ya Pare na Ziwa Chala

Ukirudi Mombo na kushika njia ya Same, utaona nchi imebadilika: kulia milima ya kijani, kushoto nyika kavu ya mibuyu na miiba. Usambara na Pare zimesimama kama ukuta, zinakamata unyevu wa pepo za Bahari ya Hindi. Anayeishi nyuma ya ukuta anabaki na vumbi. Barabara inapita upande huo wa nyuma, kwa hiyo beba maji. Hedaru na Same zina upepo wa pembeni unaotikisa gari dogo, shika usukani kwa mikono miwili unapopishana na basi.

Kuanzia Mwanga, Kilimanjaro inaweza kujitokeza mbele. Inaweza. Mlima wa mita 5,895 hufichwa na mawingu kuanzia katikati ya asubuhi, kisha mara nyingi hujifungua jioni. Ndiyo maana Moshi unahitaji usiku mitatu na si mmoja: unajipa alfajiri mbili kamili. Toka nje saa kumi na mbili na robo, kabla ya chai. Chai yenyewe ikiwezekana iwe mtori.

Siku ya pili, Ziwa Chala. Unakwenda Himo, unashika njia ya Holili, kisha unaacha lami upande wa kushoto kabla ya mpaka. Tenga nusu siku, na ulizie hali ya kipande cha vumbi kama mvua imenyesha. Hutaliona ziwa mpaka ufike ukingoni: unatembea kwenye vichaka vikavu, ardhi inafunguka, na maji yako chini kwenye kinywa cha volkano ya kale, rangi ikibadilika kati ya buluu na kijani jua linavyopanda. Hakuna mto unaoonekana ukiingia. Maji mengi yanapenya chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya ziwa. Kushuka ni kwa miguu, njia ni kali, vaa viatu vinavyoshika. Kuogelea usijaribu, ziwa hili limewahi kuua mtu kwa mamba.

Ziwa Jipe, chini ya milima ya Ugweno, ni la watazama ndege na viboko: kina kifupi, matete mengi, huduma chache. Ukiwa na watoto, Chala inatosha. Anayetaka maziwa zaidi aongeze siku moja Arusha, aende Duluti pale Tengeru kwa mtumbwi, au Momela ndani ya Hifadhi ya Arusha, penye heroe.

Kwa wasomaji wa Mombasa: mzunguko huu unaufunga bila kugusa Dar. Ingieni Lungalunga na Horohoro hadi Tanga, pandeni Lushoto, Moshi, mtokee Holili na Taveta hadi Voi. Bebeni kitabu cha gari na bima ya kadi ya njano ya COMESA, na kama gari si lako, barua ya mwenye gari.

Hatua ya 8: Tanga na Pangani

Siku ya Moshi hadi Tanga ni ndefu, ondoka kunapopambazuka. Baada ya Korogwe mashamba ya mkonge yanafuata barabara, mmea ulioletwa na Wajerumani mwaka 1893. Mapango ya Amboni yako nje kidogo ya Tanga, njia ya kwenda Horohoro; ingia na mwongozaji mwenye tochi, kuna mahali unapita kwa kuinama na popo ni wengi. Jioni nenda Raskazone, ufukweni, halafu mkate wa ajemi na mchuzi wa samaki mjini. Watu wa Tanga hawaharakishi chakula, na wewe usiwaharakishe.

Kesho yake Pangani, ukisimama magofu ya Tongoni njiani. Mji ni mdogo: mto mpana, nyumba za kale zenye milango ya nakshi, na historia nzito, kwani hapa Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi yao, Desemba 1889. Lala usiku miwili. Siku ya bamvua ni ya Maziwe: kofia, maji ya kunywa, nguo ya mikono mirefu, kwa kuwa kule hakuna kivuli hata cha kujificha paka. Takataka zote rudi nazo.

Hatua ya 9: Kurudi

Njia mbili. Ya uhakika ni kurudi Tanga, Segera, Msata, Bagamoyo. Ya mandhari ni kuvuka mto hadi Bweni na kufuata pwani kupitia Saadani, hifadhi ya taifa pekee nchini inayogusa Bahari ya Hindi. Ujenzi wa daraja na barabara umekuwa ukibadilisha hali ya njia hiyo, hivyo ulizeni Pangani siku moja kabla: mnavukaje, kiingilio cha hifadhi kinalipwaje, na vumbi likoje. Jaza tangi kabla ya kuvuka. Kama imenyesha usiku, rudi kwa lami bila ubishi.

Vyovyote, lala Bagamoyo. Asubuhi nenda magofu ya Kaole na kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868, halafu uingie Dar mchana. Jumapili jioni kuanzia Bunju hadi Mwenge ni foleni ya watu wote waliokuwa ufukweni.

Gari la kukodi lirudishe mchana kweupe, likiwa limeoshwa, mpite pamoja kwenye zile picha za mikwaruzo. Fungua tena mfumo wa faini mbele ya mwenye gari, mwone wote wawili kama kuna deni la safari hii, ndipo amana ihesabiwe na ufunguo ukabidhiwe.